Stetimenti "Imehifadhiwa". Sawa, Lakini Wapi?

Umewahi kubonyeza "pakua", simu ikakuambia "imehifadhiwa", halafu ukatafuta hiyo faili kila mahali ukaikosa? Basi leo tuongee.

Senge wangu, yaani shangazi kwa watu wa huku, anauza maziwa hapa Kesses. Wateja wake wengi ni wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Moi, na wanalipa kwa simu. Mwaka jana aliomba mkopo wa kununua ng'ombe wa pili. Akaambiwa alete stetimenti ya miezi sita pamoja na risiti za chakula cha mifugo, mwisho Ijumaa. Risiti alikuwa akizihifadhi kwa apu moja ya malipo, moja baada ya nyingine. Tulipozitafuta kwa simu, hatukuona kitu. Kijana wa saiba akasema, "Mama, toa hiyo apu uiweke tena, itakuwa sawa." Akaitoa. Iliporudi, risiti zote zilikuwa zimeenda.

Stetimenti tuliomba upya ikaja, kwa sababu rekodi za malipo hukaa kwa kampuni. Risiti zilikuwa kwa simu peke yake. Ijumaa ikapita, na ng'ombe akabaki kwa mwenyewe.

Mimi nilisomea masoko, si kuunda apu. Lakini niliuliza wanaoziunda, na jibu si gumu. Kwenye Android, kila apu ina chumba chake cha faili. Tangu Android 11 ya mwaka 2020, apu nyingine, hata ile ya kutafutia mafaili, kwa kawaida hazifunguliwi mlango wa chumba hicho. Ukiitoa apu, chumba kinafagiliwa na kila kilichokuwamo. Ukifuta data ya apu kwenye mipangilio, ni vilevile.

Chumba hicho si kibaya. Kinazuia apu za ovyo kuchungulia mambo yako. Shida ni kuweka humo kitu ambacho ni cha mteja. Picha ndogo za kuipamba apu zikae chumbani, hakuna neno. Risiti ni karatasi yangu, inafaa ikae pale ninapoifikia bila kuomba ruhusa ya mtu.

Na njia ipo, tena si ya jana. Tangu Android 4.4 ya mwaka 2013, apu inaweza kukufungulia dirisha uchague mwenyewe faili iende wapi na iitwe nani. Tangu Android 10, inaweza pia kuiweka kwenye Downloads bila kuomba ruhusa ya kuingia kwa mafaili yako yote. Kwa hivyo kampuni ikisema haiwezekani, mimi sikubali. Na hapa sijitoi: sisi tulio kwenye biashara ya malipo tunafaa kupimwa kwa kipimo hicho hicho.

Wengine watasema faili ikikaa wazi, mtu ataisoma. Hoja hiyo ina uzito. Stetimenti ina majina na namba za watu uliotumiana nao pesa, na simu zetu hupita mikono mingi. Dawa yake ni kufunga faili kwa nywila. Kuificha hadi mwenyewe aikose si usalama.

Ninachotaka ni vitu vitatu. Ujumbe useme mahali: "Iko Downloads", si "imefaulu" tu. Jina la faili lisomeke, liwe na mwezi na mwaka, si tarakimu ishirini. Na kabla mtu hajatoka kwenye apu, awe ameonyeshwa kitufe cha kufungua au kutuma hiyo faili.

Tukingoja hayo, wewe fanya hivi:

- Ukipakua risiti, bonyeza "shiriki" papo hapo ujitumie kwa barua pepe yako.
- Fungua apu ya mafaili, angalia Downloads, au Vipakuliwa kama simu yako ni ya Kiswahili. Panga kwa tarehe, mpya iwe juu.
- Usitoe apu ya pesa wala kufuta data yake kabla hujahamisha risiti zako.
- Ukichapisha saiba, hakikisha faili imefutwa kwa kompyuta yao, na utoke kwenye barua pepe yako.

Senge sasa ana folda yake ameiita "Maziwa". Kila Jumapili jioni ananiuliza, "Hii ya leo imeingia wapi?" Mteja hafai kuuliza swali hilo. Apu ingekuwa imeshamjibu.