Bosi wa Gemu Haombi Kazi, CV ya Nini?

Wasee, wacha niseme hii kitu mara moja. Bosi wa gemu haombi kazi. Sasa mbona kila studio inamwandikia CV ya kurasa kumi: alizaliwa wapi, alilelewa na nani, nani alimuumiza akiwa mdogo? Tumeingia watu 20 na mapanga. Hatukuja kumfanyia intavyu.

Mchukue Hogger. World of Warcraft, 2004, msitu wa Elwynn, pale binadamu wote walikuwa wanaanzia. Ni gnoll tu, jitu lenye kichwa cha fisi, levo 11. Historia yake? Hakuna. Babake hatumjui. Lakini muulize mchezaji yeyote wa kitambo, atakuambia vile alilazwa chini, akaita marabeki wawili, wakalazwa wote. Hiyo ndiyo historia yake, na uliiandika mwenyewe ukikimbia kama mzimu kutoka makaburini kutafuta maiti yako. Hogger alipendwa hadi akapewa kadi yake kwenye Hearthstone. Fisi!

Najua mtasema, na Arthas je? Poa, tuongee Arthas, kwa sababu ni shahidi wangu. Kwenye Warcraft III, 2002, hukusoma habari zake. Ulikuwa yeye. Wewe ndiye ulipita Stratholme ukiwachinja raia kabla wageuke mazombi. Wewe ndiye ulimpeleka hadi kwa upanga wa Frostmourne. Alipomuua babake ulikuwa umekaa hapo ukitazama kazi ya mikono yako. Kwa hivyo Icecrown Citadel ilipofunguliwa mwisho wa 2009, aliyekuwa amecheza hakuhitaji maelezo yoyote. Mlikuwa mnadaiana.

Sasa leta Jailer. Shadowlands, 2020. Jamaa hatujawahi kumsikia, ghafla tunaambiwa ati ndiye alikuwa nyuma ya kila kitu. Helmeti ya Lich King, yake. Frostmourne, yake. Manze, huko si kumjenga Jailer, huko ni kumwibia Arthas! Mwana wa mfalme aliyejiharibu kwa kiburi chake mwenyewe anageuzwa kuwa mtu wa mkono wa mgeni tuliyekutana naye juzi. Halafu 2022 kibaki cha roho ya Arthas kinazimika kama cheche ya jiko, safari inaendelea. Na baada ya hayo yote muulize mtu aliyempiga Jailer akueleze alitaka nini hasa. Ataanza na "eeeh..."

Kuna wale wataniambia nataka mabosi wajinga, vipande vya nyama vya kukatwa. Zi. Emet-Selch wa Final Fantasy XIV, kwenye Shadowbringers ya 2019, ana historia ndefu, ya maelfu ya miaka, na singetoa hata neno moja. Kwa nini? Anatembea na wewe. Analalamika, anasinzia, anakuchokoza, karibu umzoee. Halafu unafika Amaurot, mji wake uliokufa ambao ameuumba tena chini ya bahari, na vivuli vya watu wake, warefu kama minara, vinakuongelesha kama mtoto aliyepotea. Hujasomewa tanzia. Uko matangani kabisa.

Hiyo ndiyo tofauti nalilia. Urefu wa historia haunisumbui. Kinachonisumbua ni kuipata mahali ambapo sikuwa.

Na usiniambie ni gemu tu, kwa sababu WoW inalipiwa kila mwezi, na bando hazidondoki kutoka mbinguni. Ukitaka kuelewa vizuri jinsi Sylvanas alikubali kumfuata Jailer, kuna riwaya inauzwa kando. Sylvanas tulipigana naye 2021. Riwaya ilitoka 2022.