Tusimrushie mawe mwalimu wa tuisheni

Kuna lawama inayozunguka sana huku Uru, na Moshi mjini vilevile: eti walimu kutoka Kenya na Uganda wanaofundisha shule binafsi za Kiingereza wanatukamua kwa tuisheni. Jioni, Jumamosi, likizo, mtoto anatumwa na daftari na hela mkononi. Anayelaumiwa ni mgeni.

Mimi nasema tunampiga asiyestahili. Hebu tuitazame hiyo tuisheni kwa kitabu kimoja tu.

Kwa miaka mingi *Weep Not, Child* ya Ngũgĩ wa Thiong'o, iliyotoka mwaka 1964, ilikuwa kwenye orodha ya vitabu vya Kiingereza kidato cha tatu na cha nne. Njoroge ni mtoto wa maskini, na baba yake hana ardhi. Mama yake Nyokabi anajinyima ili asome. Njoroge anaamini shule itaokoa familia na nchi nzima. Halafu inakuja hali ya hatari, anatolewa shuleni Siriana, anateswa, na mwisho wa kitabu anafika mahali pa kutaka kujiua. Ni riwaya inayouliza swali zito: je, tumeibebesha shule matumaini isiyoweza kuyatimiza?

Sasa fungua daftari la tuisheni. Hapo utakuta: "Dhamira ya kwanza, umuhimu wa elimu." Basi! Imeisha hiyo. Kitabu kizima kimegeuzwa tangazo la shule.

Kwa nini? Kwa sababu mtihani ndivyo unavyouliza. Chagua vitabu viwili, toa hoja tatu kwa kila kimoja. Hoja sita zinakaririka kwa jioni mbili, na kitabu chenyewe huna haja hata ya kukishika. Mwalimu wa tuisheni hakulibuni swali hilo. Yeye anauza kinachotakiwa sokoni, na wanunuzi ni sisi.

Jamani, fikirini kidogo ni nani huyu tunayemnunua. Kutoka hapa hadi mpaka wa Holili ni safari fupi tu ya basi. Mwalimu aliyekulia Kenya huenda ana babu aliyeishi hali ya hatari, na habari za ardhi iliyochukuliwa amezisikia nyumbani kabla hajazisoma. Katika Uru nzima, nani angeweza kuwaeleza watoto wetu kitabu kile kuliko yeye? Tumebahatika kumpata, kisha tunamlipa ili asikifundishe. Mara akianza kusimulia, mzazi anauliza: "Mwalimu, hayo yatatoka kwenye mtihani?"

Na kwao likizo imelindwa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya mwaka 2013, kifungu cha 37, inakataza tuisheni za likizo. Mtu huyohuyo akivuka Holili anakuta wazazi wanapanga foleni. Je, tabia mbaya kaileta yeye, au kaikuta?

Mtasema anavunja masharti. Ni kweli, kibali cha kazi cha mgeni kinamfunga kwa mwajiri mmoja. Lakini tazameni kibali hicho kinamfanya nini. Mshahara ukichelewa au ukiwa mdogo, hawezi kuhamia shule ya jirani kama ninyi mnavyohama. Anatafuta cha pembeni, tena kimyakimya, chumba cha nyuma, akiogopa. Mtu anayefundisha kwa woga hathubutu kumwambia mzazi kwamba mtoto wake hajasoma kitabu hata kimoja.

Mwaka 1967, katika *Elimu ya Kujitegemea*, Nyerere alitaka mitihani ipunguziwe ukubwa machoni pa serikali na pa wananchi. Tulipiga makofi, tukaenda kuikuza. Wazee wetu vihambani waliuza kahawa kulipa ada, na ada ile ilimnunulia mtoto nafasi ya kusoma. Tangu Januari 2016 ada shule za serikali hadi kidato cha nne imefutwa, nasi bado tunauza ndizi na maziwa. Safari hii tunamnunulia mtoto ruhusa ya kutosoma.

Anayetaka kupambana na tuisheni aanze na karatasi ya mtihani. Baraza la Mitihani limpe mtahiniwa ukurasa wa riwaya ambao hajawahi kuuona, limwambie: eleza mtu huyu anaogopa nini, na umejuaje. Kwa swali hilo daftari la hoja sita halina kazi, na atakayefaulu ni yule aliyezoea kusoma. Nasi wazazi, hela ya mwezi mmoja wa tuisheni tununue kitabu chenyewe, tumkabidhi mwalimu yuleyule, tumwambie: mwalimu, wasomee, na wasimulie ya kwenu.

Akikataa hapo, ndipo mnilete nami nirushe jiwe.