Kabla ndege haijafika Mbarara, hati ifike Nakivale

Safari ya angani ya mkimbizi wa Nakivale huanza barabarani. Anayehamishiwa nchi ya tatu hupanda basi katika makazi hayo ya wilaya ya Isingiro, akapita Mbarara, Lyantonde na Masaka hadi Kampala, kisha akafikishwa Entebbe. Hapo hupanda ndege, mara nyingi ya kwanza maishani mwake. Ndege hiyo humshusha kwenye uwanja asioujua ili apande nyingine, na pengine nyingine tena. Mkononi hubeba mfuko wenye nembo ya Shirika la Kimataifa la Uhamiaji (IOM). Anayekwenda Marekani huwa pia ametia saini ahadi ya kurudisha nauli hiyo kidogo kidogo, bila riba, akishafika huko.

Januari 2025 njia ya Marekani ilifungwa. Rais Donald Trump alisimamisha mpango wa kupokea wakimbizi siku ileile aliyoapishwa, na safari zilizokuwa zimepangwa zikafutwa. Kiwango cha juu kilichokuwa watu 125,000 kwa mwaka katika kipindi cha mtangulizi wake kilishushwa hadi 7,500 kwa mwaka wa fedha ulioanza Oktoba 2025, na nafasi nyingi zikaelekezwa kwa Waafrikana, yaani jamii ya wazungu wa Afrika Kusini.

Familia inayopewa tarehe ya kusafiri huuza mbuzi, hugawa vyombo na kumwachia jirani shamba. Tarehe ikifutwa, mbuzi hawarudi. Mwaka huohuo Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) lilipunguza idadi ya wakimbizi wanaopata msaada wa chakula nchini Uganda kwa kukosa fedha. Kwa hiyo waliobaki Nakivale walibaki na sahani nyepesi zaidi.

Pamoja na machungu hayo, liko jambo ambalo Jumuiya ya Afrika Mashariki inapaswa kulitazama. Makazi yaliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda, na ambayo leo yana watu zaidi ya 150,000, yalikuwa na njia moja kuu ya kufika angani, na ufunguo wake uko Washington. Tena ilikuwa njia ya kwenda tu. Aliyeondoka hakutarajiwa kurudi na mzigo, wala kumletea ndugu yake mtaji.

Vituo vitano baharini

Nani hufikiwa na ndege, na kwa nini? Jibu linaonekana vizuri mbali na hapa, katika visiwa vya Bahari ya Pasifiki.

Huko ndege ya shirika la United huondoka Honolulu, Hawaii, ikatua Majuro, Kwajalein, Kosrae, Pohnpei na Chuuk kabla ya kufika Guam. Ni Boeing 737, aina inayoonekana pia Nairobi na Addis Ababa. Safari nzima huchukua zaidi ya nusu siku, na kwa kuwa huvuka mstari wa kimataifa wa tarehe, abiria aliyeondoka Jumatatu hufika Jumanne. Fundi husafiri ndani ya ndege pamoja na vipuri, kwa sababu ikiharibikia Kosrae hakuna karakana ya kukimbilia. Njia hiyo ilianza mwaka 1968 chini ya shirika la Air Micronesia, na imedumu hata baada ya mashirika kuungana na majina kubadilika.

Kwa hesabu ya kawaida ya biashara, njia kama hiyo ni ngumu. Kila kupaa hula mafuta mengi, na kila kutua hula matairi na breki. Visiwa vyenyewe vina watu wachache. Imedumu kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni kwamba gharama haibebwi na nauli ya mwanakijiji peke yake. Ndege hubeba barua na mizigo. Kwajalein ni kambi ya jeshi la Marekani, ambako msafiri asiye na kibali haruhusiwi kushuka, na watumishi wa kambi hiyo nao ni abiria wa kudumu. Serikali ya Marekani pia imetoa fedha za kujenga na kukarabati viwanja vya visiwa hivyo.

Ya pili ni haki ya kusafiri. Chini ya mkataba ulioanza kutumika mwaka 1986, raia wa Visiwa vya Marshall na wa Mikronesia wanaweza kuishi na kufanya kazi Marekani bila viza. Ndiyo maana mji wa Springdale, jimbo la Arkansas, ulio mbali na bahari yoyote, una jamii kubwa ya watu wa Marshall. Wanakwenda kufanya kazi, wanarudi kuzika, wanakwenda tena. Ndege ya vituo vingi huishi kwa abiria wa namna hiyo, anayekata tiketi ya kwenda na ya kurudi.

Kilichokuwapo na kikavunjika

Afrika Mashariki haikuwa ngeni kwa mfumo huo. Shirika la East African Airways lilianza mwaka 1946 na ndege ndogo za mbao na vitambaa aina ya Dragon Rapide. Baadaye lilikuwa na DC-3 na Fokker F27 zilizoruka kutoka mji hadi mji, huku ndege zake kubwa za VC10 zikienda London. Lilimilikiwa kwa pamoja, na kituo kidogo kiliweza kubebwa na mapato ya njia kubwa. Mvutano wa fedha na siasa kati ya Kenya, Uganda na Tanzania ulilimaliza mwanzoni mwa 1977, na mwaka huohuo Jumuiya yenyewe ikavunjika.

Kila nchi ikajenga shirika lake. Uganda Airlines lilifungwa mwaka 2001 na kufufuliwa Agosti 2019. Jumuiya ilirudi kwa Mkataba wa mwaka 1999, lakini anga haikuungana tena. Mashirika ya leo huchora njia kama miale ya jua, zote zikitoka Entebbe, Nairobi, Kigali au Dar es Salaam. Mji usio kitovu husubiri.

Mbarara ni mmoja wa miji hiyo. Ulipandishwa kuwa jiji Julai 2020, una chuo kikuu, hospitali ya rufaa na biashara kubwa ya maziwa na ndizi. Uwanja wake wa ndege uko Nyakisharara, kwenye barabara iendayo Bushenyi, na hutumiwa zaidi na ndege ndogo za kukodi. Msafiri wa Mbarara anayetaka kuruka kwenda Bujumbura hana budi kwanza asafiri kilomita mia mbili na zaidi kwenda upande mwingine, hadi Entebbe.

Hata hivyo, njia za vituo vingi zipo katika eneo hilohilo. Ndege ndogo hutoka Entebbe zikatua Kihihi na Kisoro kuwapeleka watalii kwa sokwe wa milimani wa Bwindi na Mgahinga. Mtalii wa kigeni hulipa dola 800 kwa kibali cha kumwona sokwe, na ndege humfuata. Upande wa pili wa mpaka, mashariki mwa Kongo, ndege za Umoja wa Mataifa za huduma za kibinadamu, UNHAS, zimekuwa zikiunganisha miji ambayo barabara hazifiki. Abiria wake ni wafanyakazi wa misaada. Kwa hiyo vituo vingi vinawezekana. Swali ni nani amelipiwa, na nani ana kibali cha kupanda.

Hoja za wanaopinga

Wapo watakaosema Mbarara haihitaji ndege, kwa kuwa barabara ya lami hadi Kampala inatosha. Kwa anayekwenda Kampala, wana haki. Lakini Mbarara, Bukoba, Mwanza, Kigoma na Bujumbura zimetengwa kama visiwa, kwa ziwa, milima na foleni za mipakani. Miji hiyo iko karibu kwenye ramani na mbali kwenye saa.

Hoja nzito zaidi ni ya usalama. Novemba 6, 2022 ndege ya Precision Air aina ya ATR iliyotoka Dar es Salaam ilianguka katika Ziwa Victoria ilipokuwa ikijaribu kutua Bukoba. Watu 19 kati ya 43 walikufa, na waliofika kwanza kuwaokoa walikuwa wavuvi. Miaka minne kabla yake, Septemba 28, 2018, ndege ya Air Niugini ilitua majini karibu na uwanja wa Chuuk, kituo kilekile cha njia ya Pasifiki. Mtu mmoja alikufa kati ya 47, na huko nako boti za wenyeji ziliwawahi abiria. Fundisho ni lile lile: kituo kidogo kinahitaji vifaa vya hali ya hewa, zimamoto na waokoaji kama kituo kikubwa. Anayetangaza njia mpya bila kutenga fedha hizo anawaachia wavuvi kazi ya serikali. Jumuiya ina wakala wake wa usalama wa anga, CASSOA, wenye makao Entebbe, na kazi ya kupanga viwango vya viwanja kama Nyakisharara na Bukoba kwa pamoja ingeanzia hapo.

Karatasi kwanza

Lakini hata uwanja ukijengwa kesho, nani atapanda? Hapa ndipo Nakivale inaposema zaidi kuliko ramani yoyote ya mashirika ya ndege.

Wengi wa wakazi wake wametoka Kongo, Burundi, Somalia na Rwanda. Zote ni nchi wanachama: Rwanda na Burundi tangu 2007, Kongo tangu 2022, Somalia tangu 2024. Ni Jumuiya iliyokusanyika kando ya ziwa moja dogo, ikinunua na kuuza sokoni, na Kiswahili kikiwa moja ya lugha zinazowaunganisha. Na bado inaongezeka. Goma ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, uwanja wake wa ndege ulifungwa, na maelfu ya Wakongo waliingia Uganda kwa miguu. Njia yao ya vituo vingi ni Bunagana, kituo cha mapokezi cha Nyakabande kilichoko Kisoro, kisha basi hadi Nakivale.

Mganda, Mkenya na Mnyarwanda wanaweza kuvuka mipaka ya nchi zao tatu kwa kitambulisho cha taifa tangu 2014. Mkimbizi anayeishi Uganda hana nafasi hiyo. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inasifiwa kwa haki: inamruhusu kufanya kazi, kutembea nchini na kuomba hati ya kusafiria. Lakini hati hiyo hufuatiliwa Kampala, kwa muda na gharama, na mwenye nayo anaweza bado kudaiwa viza katika nchi jirani. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inafungua milango kwa raia, kisha katika ibara ya 7 inasema safari za wakimbizi zitaongozwa na mikataba ya kimataifa. Mkataba wa Jumuiya, ibara ya 124, unaahidi utaratibu wa pamoja wa kushughulikia wakimbizi. Miaka inapita na ahadi hiyo haijamfikia fundi cherehani wa Kikongo anayetaka kufuata vitambaa Mwanza na kurudi.

Serikali zina hofu zake, na si zote za kupuuzwa. Mipaka hiyo hupitwa pia na silaha na wapiganaji, na Rwanda, Burundi na Kongo zinatazamana kwa shaka. Lakini mtu aliyesajiliwa, aliyechukuliwa alama za vidole na mwenye hati inayosomeka kwa mashine anajulikana zaidi kuliko anayevuka usiku kwa kukosa hati.

Mpangilio wa hatua basi haupaswi kuwa wa kifahari. Kwanza, nchi wanachama zikubali hati ya mkimbizi iliyotolewa na mmoja wao kwa safari fupi za kazi, biashara na masomo, bila viza, na itolewe Mbarara au Isingiro badala ya Kampala pekee. Pili, mabasi yafuate, kwa sababu basi ndilo litakaloonyesha kama abiria wa kwenda na kurudi wapo. Tatu, wakishaonekana, ndege ndogo ya vituo vingi kutoka Mbarara kwenda Bukoba, Mwanza na Bujumbura itakuwa na hesabu ya kuanzia, na serikali zitajua zinachangia kiasi gani.

Kule Kikagati, kusini mwa Isingiro, mtambo wa megawati 14 kwenye mto Kagera unagawa umeme wake kati ya Uganda na Tanzania. Nchi hizo mbili zilikaa mezani, zikakubaliana nani anapata nini na nani analipa. Mkataba wa watu unahitaji meza hiyohiyo, na walio Nakivale hawapaswi kuendelea kuusubiri kutoka Washington.