Mradi wa tarakilishi upimwe tangu mwanzo

Mnamo Juni 4, 1996, roketi ya Ulaya, Ariane 5, ililipuka angani sekunde 40 hivi baada ya kuruka. Sehemu ya programu yake ilirithiwa kutoka kwa Ariane 4, ambako ilifanya kazi vyema, lakini haikujaribiwa kulingana na mwendo wa roketi mpya.

Twaukumbusha mkasa huo kwa sababu katika shule zetu yangalipo mazoea ya kuipima programu kwa sura yake ya mwisho. Somo la tarakilishi katika mtihani wa KCSE lina mradi ambao mtahiniwa hutakiwa kuuandaa mwenyewe. Ni jambo la kusikitisha kwamba wapo wanaonunua kazi ya wengine, ikapendeza kuliko ya yule aliyekesha akijitafutia njia.

Dawa ipo, nayo ni kuuchora mwenendo wa kazi yenyewe. Mwaka wa 1924, Mmarekani Walter Shewhart alibuni mchoro wa kufuatilia ubora wa bidhaa zinapotengenezwa kiwandani. Waundaji wa programu nao hunufaika na michoro ya aina hiyo.

Mwanafunzi na achore mistari miwili kwenye karatasi ya grafu: mmoja wa jumla ya makosa aliyoyagundua kufikia kila wiki, wa pili wa yale aliyoyasahihisha. Mistari ikizidi kuachana siku ya mwisho ikikaribia, kazi ina walakini. Ikikutana, na ule wa kwanza ukaacha kupanda ilhali majaribio yanaendelea, kazi inakomaa. Ama mstari uliolala muhula mzima kisha ukapaa usiku wa mwisho, huo wahitaji maelezo.

Hata hivyo, mchoro waweza kudanganya. Mwalimu akiwakata alama wenye makosa mengi, watayaficha. Na asiyeona kosa lolote huenda hajalitafuta. Kinachostahili tuzo ni kuligundua kosa mapema na kulisahihisha. Kumbukumbu nazo ziandikwe siku kwa siku, katika daftari ambalo mwalimu hulikagua na kulitia sahihi kila wiki.

Twawasihi walimu waanze muhula huu, kwani gharama yake ni karatasi na kalamu tu. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa usioonekana, nani atauziba?