Mama Hana Nyumba, Je, Ni Kosa Lake?

Liko swali moja ambalo katika mashauri ya watoto mama huulizwa daima, na baba ni nadra kuulizwa. Swali lenyewe ni hili: "Utamlisha nini, na atalala wapi?" Ndoa imevunjika. Bwana ana nyumba, na ana mshahara au duka. Bibi amerudi kwa kaka yake na sanduku moja la nguo. Wazee wanatazamana, na kabla jua halijatua neno limekwisha: mtoto akae kwa baba, maana kwa baba kuna nafasi. Watu wanaondoka wakisema haki imetendeka na hapana aliyeonewa. Sisi twasema ameonewa mama, na mtoto naye ameonewa.

Tuitazame nyumba yenyewe kwanza. Ilijengwa na nani? Aliyechota maji ya kufyatulia matofali ni nani? Aliyelima shamba lililouzwa mazao yake ndipo bati zikanunuliwa ni nani? Azimio la Arusha la 1967, ambalo wengi wetu tulilishangilia barabarani na wengine tulilisoma shuleni, lilikiri waziwazi kwamba wanawake wa vijijini wanafanya kazi kuliko mtu mwingine yeyote katika nchi hii. Basi ni ajabu kubwa kwamba mwanamke huyo huyo akifika barazani huandikwa kuwa "hana kazi". Amefanya kazi miaka kumi, na matunda ya kazi hiyo yamepewa jina la mtu mwingine. Kisha anaambiwa kwamba kwa kuwa hana kitu, hafai kulea. Tulipopigana na ukoloni tulikuwa na neno la hali ya namna hii: tuliita unyonyaji. Hatuoni sababu ya kulibadili neno hilo kwa kuwa mnyonyaji safari hii analala ndani ya nyumba.

Wala sheria haiko upande wa wazee hao. Sheria ya Ndoa ya 1971, katika kifungu cha 114, inataka mahakama itazame mchango wa kila mmoja katika mali ya ndoa, uwe wa fedha, wa mali au wa kazi. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango pia. (Bi Hawa mwenyewe hakuondoka na kitu mwisho wa shauri lile, lakini neno alilolipigania linawasaidia wenzake hata leo.) Kwa hiyo barazani yangefaa mambo mawili yaangaliwe pamoja: mama anastahili nini katika mali, na mtoto akae na nani. Mara nyingi huanzwa na la pili, mama akiwa bado mikono mitupu, na la kwanza huachwa mpaka amechoka nauli za kwenda na kurudi.

Tena kuna kifungu cha 129, ambacho tungependa kila balozi wa shina akijue kama anavyojua jina lake. Kinasema kwamba ni wajibu wa mwanamume kuwatunza watoto wake, wawe wanakaa kwake au wanakaa kwa mtu mwingine yeyote, isipokuwa kama kuna mapatano au amri ya mahakama iliyosema vingine. Maana yake ni nyepesi. Baba mwenye mshahara hana haki ya kusema, "Nipeni mtoto kwa sababu mimi ndiye mwenye fedha." Fedha hizo ni za mtoto popote atakapolala. Likifahamika jambo hili, lile swali la "utamlisha nini" linapoteza nguvu yake yote, maana jibu lake ni: atalishwa kwa mkono wa mama na kwa mfuko wa baba.

Sasa tuje kwenye miaka saba. Hapa ndipo akina mama wanapodanganywa zaidi, na wengine wanadanganywa na watu wenye nia njema. Imeenea nchi nzima imani kwamba mtoto akifika miaka saba ni wa baba yake, kama vile kodi inavyofika tarehe yake. Bwana huja siku ile ile na begi, naye mama hulia, lakini hafungi mlango, kwa kuwa ameambiwa ndiyo sheria. Sheria haisemi hivyo. Kifungu cha 125 kinasema kwamba jambo la kwanza ni faida ya mtoto. Kisha kinaongeza kwamba mtoto aliye chini ya miaka saba achukuliwe kuwa ni heri akae na mama yake, mpaka ithibitike vingine. Hiyo ni ngao aliyopewa mtoto mdogo. Hapana mahali palipoandikwa kwamba akitimiza saba mama anapokonywa. Baada ya saba hakimu anarudi kwenye swali lile lile la faida ya mtoto, na mtoto mwenye akili ya kusema anasikilizwa. Na Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka hakimu, anapotoa amri ya namna hii, akumbuke umuhimu wa mtoto kuwa na mama yake.

Wako watakaotuambia kwamba dini imekwisha kata neno hili. Hatutaki kuwafundisha masheikh kazi yao. Lakini wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, wamefundisha kwamba mtoto akifika umri wa kupambanua mambo, hupewa nafasi ya kuchagua kati ya baba na mama. Kuchagua si kuchukuliwa.

Na wako watakaosema ni mila ya Mwafrika. Mila ipi? Waluguru, Wamakonde, Wamakua na Wamwera tangu zamani wamehesabu watoto kwa ukoo wa mama, nao ni Waafrika kama mtu yeyote. (Kwa kweli huko nako mwenye sauti alikuwa mjomba, si mama, kwa hiyo tusiwasifu kupita kiasi.) Mila inayosema mtoto ni wa baba iliandikwa katika Amri ya Sheria za Mila ya 1963, iliyohusu makabila yanayofuata ukoo wa baba. Kazi ya kuzikusanya mila hizo iliongozwa na Hans Cory, Mzungu aliyekuwa mtaalamu wa mila wa serikali ya kikoloni. Kitabu cha namna hiyo hakistahili kushikwa kama msahafu. Tangu 1971 desturi za watu ni jambo mojawapo tu analoliangalia hakimu, tena nyuma ya faida ya mtoto. Mwaka 1990 Mahakama Kuu kule Mwanza, katika shauri la Bi Holaria Pastory aliyeuza shamba alilorithi kwa baba yake, ilikataa mila ya Kihaya iliyomnyima mwanamke haki aliyonayo mwanamume. Lile lilikuwa shauri la ardhi. Hatujui ni kwa nini mtoto apimwe kwa mizani hafifu kuliko shamba la migomba.

Jambo linalotuuma kuliko yote ni la mama aliyekimbia kipigo. Huyu ametoka usiku, pengine na mtoto wa mgongoni tu, wakubwa wamebaki. Miezi inapita akitafuta pa kukaa. Akirudi kuwadai wanawe anaambiwa aliwatelekeza. Tena husomewa sheria: kifungu kile kile cha 125 kinaonya kwamba si vema kuyavuruga maisha ya mtoto kwa kumhamisha hamisha. Onyo hilo ni la busara, lakini tazameni linavyogeuzwa. Aliyevuruga maisha ya watoto kwa ngumi ndiye anayeonekana mtu wa kutulia, kwa kuwa hakuhama. Mwenye nyumba hana haja ya kukimbia kwake.

Na mtoto huyo akishapewa baba, analelewa na nani? Twaomba wasomaji wetu wahesabu katika mitaa yao wenyewe. Baba yuko kazini, au yuko safarini. Mtoto yuko kwa bibi mzaa baba, ambaye macho yamechoka, au kwa mke mpya ambaye hakuulizwa. Yaani mwanamke mmoja amenyang'anywa mtoto ili apewe mwanamke mwingine, na karatasi ikaandikwa jina la mwanamume. Hata hapo kuna upendeleo wa ajabu: mama akiolewa tena inasemekana amepoteza haki, kwa kuwa mtoto atalelewa na baba wa kambo, baba akioa tena inasemekana amepata msaidizi.

Hatusemi kila mama ashinde kila shauri. Wako akina baba wanaowaosha watoto wao, wanaowapikia uji, wanaojua jina la mwalimu wao wa darasa. Na wako akina mama ambao pombe au ukali umewashinda. Hakimu akimpa mtoto baba wa namna hiyo, gazeti hili litamuunga mkono. Tunachokataa ni mama kushindwa kabla hajafungua kinywa.

Basi twayataka haya kwa wanachama, nayo yanaweza kuanza katika mkutano ujao wa kila tawi. Baraza la usuluhishi wa ndoa kazi yake ni kupatanisha. Halina uwezo wa kugawa watoto, kwa kuwa uwezo huo ni wa mahakama, na mjumbe anayewagawa aambiwe hivyo mbele ya watu. Kila baraza liwe na akina mama wanaosema, si wa kuletwa kujaza viti. Umoja wa Wanawake katika kila kata utafute wasaidizi wa kisheria, ambao Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imewatambua, na mama asipelekwe mahakamani peke yake akiwa hajui hata la kuomba. Mwanachama anayewaficha watoto wake kwa ndugu zake wilaya ya mbali ili mama asiwaone, aitwe na tawi lake ajieleze, hata awe na cheo gani. Na balozi atakayeletewa barua aigonge mhuri, imeandikwa kwamba fulani ameruhusiwa kumchukua mwanawe kwa mtalaka wake, aulize kwanza amri ya mahakama iko wapi. Isipokuwapo, mhuri urudi sandukuni.