Tatizo la Lakrosi Liko Benchi, Si Katikati ya Uwanja

Bao likifungwa katika lakrosi ya wanaume, timu iliyofungwa haipewi mpira kama ilivyo kwenye soka. Mpira unarudi katikati ukagombewe. Wachezaji wawili wanainama na kulaza fimbo zao chini, mpira ukiwa katikati ya nyavu mbili. Filimbi inalia, kila mmoja anauwahi aufunike na kuuchota kabla ya mwenzake. Baada ya sekunde chache mshindi ameshautoa mpira kwa mwenzake, na mara nyingi anatimua mbio kwenda benchi. Kazi aliyosajiliwa kuifanya imekwisha.

Ubishi juu ya mtu huyu ni wa miaka mingi huko Marekani. Timu yenye bingwa wa kugombea inaweza kufunga, ikaupata mpira, ikafunga tena, na wapinzani hawajaugusa. Mwaka 1979 NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo vikuu, kiliufuta ugombezi huo baada ya mabao. Msimu uliofuata kikaurudisha. Tangu hapo watunga kanuni wamehangaika na vidole na magoti. Kuanzia msimu wa 2021 vyuo vimepigwa marufuku kutumia mshiko wa pikipiki, ule wa viganja vyote viwili kutazama chini kama vya dereva wa bodaboda, na mgombea hapigi tena goti.

Yote hayo ni kupaka rangi ukuta wenye ufa. Ufa wenyewe ni ruhusa ya kutoka na kuingia kiholela. Lakrosi haihesabu wachezaji waliobadilishwa, wala haidai mchezo usimame: mmoja anatoka, mwingine anaingia, mpira ukiendelea. Ndiyo maana kocha anaweza kuwa na mtu wa kugombea, mtu wa kukaba na mtu wa kushambulia, kisha kiungo anayeyaweza yote matatu akakosa namba. Mwaka 2013 NCAA iliondoa honi iliyowapa makocha nafasi ya kubadilisha watu mpira unapotoka pembeni, lakini papo hapo ikarefusha eneo la kubadilishana kutoka yadi 10 hadi 20. Ilifunga dirisha, ikapanua mlango.

Ligi ya kulipwa ya PLL ilikuwa na akili zaidi. Mwaka 2023 iliamua kwamba timu inayoshinda ugombezi ipewe sekunde 32 za kupiga golini badala ya 52 za kawaida. Ukiwa na sekunde 32, kila hatua ya kumsindikiza mtaalamu benchi ina gharama yake.

Watetezi wa kinyang'anyiro wana hoja, tena nzito. Bila hicho, timu iliyo nyuma kwa mabao manne dakika za mwisho imekwisha. Wanamtaja pia mgombea Trevor Baptiste, aliyekuwa mwaka wa kwanza tu chuoni Denver ilipoifunga Maryland 10-5 kwenye fainali ya vyuo ya 2015. Kipaji kama kile kufutwa kwa kalamu ni dhuluma. Hata hivyo, kipaji hicho hakigeuzi kila mechi: mwaka 2019 Yale ilikuwa na T.D. Ierlan, mmoja wa wagombea hatari kuliko wote, na bado ikalala 13-9 mbele ya Virginia kwenye fainali.

Basi kinyang'anyiro kibaki, ila waliogombea wote wawili wasitoke uwanjani mpaka shuti la kwanza lipigwe au mpira upotee. Kocha aliyemleta asiyejua kukaba atajua la kufanya juma linalofuata.

Lakrosi ya wachezaji sita, itakayochezwa kwenye Olimpiki ya Los Angeles mwaka 2028, imepita njia fupi: ugombezi ni mwanzoni mwa kila robo tu, na baada ya bao kipa anachota mpira wavuni na mchezo unaendelea. Kikosi kina watu 12, hakuna kiti cha mtaalamu wa sekunde chache. Kwa nchi kama Uganda, ya kwanza kutoka Afrika kucheza mashindano ya dunia mwaka 2014, huo ni unafuu mkubwa.

Mchezo wa kawaida, wa watu kumi kila upande, hauna haja ya kuiga hilo. Vyuo vya Marekani hucheza mechi za kirafiki kila vuli, miezi kadhaa kabla ya msimu kuanza, na matokeo yake hayaingii kwenye msimamo. NCAA ingeweza kuijaribu humo kanuni ya waliogombea kubaki uwanjani, bila kumwumiza mtu.