Mti wa Bure si Kuni Tu

Mwezi wa Juni mwaka 2024 nilialikwa kuzungumza na wanafunzi wa shule moja ya upili katika milima ya Kilungu, Kaunti ya Makueni. Mvua za masika za mwaka huo, zile zilizoleta mafuriko kote nchini hata ikabidi kufunguliwa kwa shule kuahirishwe, zilikuwa zimeng'oa migrevilea mitatu mikubwa kwenye ua wa shule. Nilipowasili, miwili ilikwisha kukatwa vipande vya kutosha meko ya jikoni. Wa tatu ulikuwa umelala vilevile, kwa kuwa shina lake lilikuwa nene na shoka liliushindwa. Alasiri ya siku hiyohiyo wazazi waliketi chini ya hema, na miongoni mwa mambo waliyoombwa kuchangia ni pesa za madawati.

Nilimuuliza mpishi kwa nini miti ile haikupasuliwa mbao. Alinitazama kwa huruma, kama mtu amtazamavyo mgeni asiyeijua njia, akasema, "Mwalimu, huo ni mti wa bure tu."

Kazi yangu ni kufundisha isimu, na naomba radhi ikiwa masikio yangu yalikwama kwenye neno hilo. "Bure" katika Kiswahili lina maana mbili zinazoishi nyumba moja. Kitu cha bure ni kile kisicholipiwa. Na kazi ya bure ni ile isiyo na faida. Lugha nyingi hutenga maana hizo mbili kwa maneno mawili. Sisi twazitia katika neno moja, na aghalabu maana ya pili huimeza ya kwanza. Mti ulionunuliwa hupimwa, huhesabiwa na kufunikwa usinyeshewe. Mti ulioletwa na upepo huitwa kuni kabla hata majani yake hayajanyauka.

Katika Ukambani kosa hili lina gharama kubwa kuliko mahali pengine. Kitui na Makueni, tukiondoa vilele kama Mbooni na Kilungu, ni nchi kavu ambako mti huchukua miaka mingi kunenepa. Mukau, ambao wataalamu huuita Melia volkensii, ni wa ukoo mmoja na mkangazi. Kiini chake hakiliwi na mchwa kwa urahisi, na wazee wa Kitui wameutumia tangu zamani kwa mizinga ya nyuki, milango na fremu za madirisha. Muuku nao una ubao mgumu. Hata mwembe, ambao Makueni inajivunia kwa matunda yake, hatimaye huzeeka na kuanguka, na ubao wake hufanya kazi nzuri ndani ya nyumba ukipasuliwa upesi. Nasema upesi kwa sababu gogo la mwembe likilala katika unyevu kwa majuma kadhaa huingiwa na ukungu na wadudu, na hapo kweli huwa kuni.

Wakamba hawahitaji kufundishwa kwamba mti uliodharauliwa una thamani. Sanaa ya uchongaji inayowapa sifa duniani ilianzishwa na Mutisya Munge wa Wamunyu, ambaye alijifunza ufundi huo Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza. Wanafunzi wake na wana wao walichonga muvingo, yaani mpingo, na muhugu, mpaka miti hiyo ikawa adimu. Hapo ndipo wachongaji walipogeukia mwarobaini, mwembe na mjakaranda, miti ya uani iliyokuwa haitazamwi. Walilazimishwa na uhaba. Mwalimu mkuu wa shule yenye upungufu wa madawati naye si tajiri kuliko mchongaji.

Haifai, hata hivyo, kumcheka mpishi wala mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu alinieleza shida zake, na zote zilikuwa za kweli. Kwanza, jiko la shule linahitaji kuni. Asipochoma huu, atanunua lori zima. Pili, mwenye pawa-so hulipwa taslimu. Tatu, mbao mbichi hupinda, na dawati lililopinda humwumiza mtoto. Nne, kusafirisha mbao barabarani kunahitaji kibali cha Idara ya Misitu ya Kenya, na nani ana siku ya kupoteza ofisini?

Shida ya kwanza hujibiwa na hesabu, na walimu wa hisabati wanaweza kuifanya ubaoni. Gogo lenye kipenyo cha sentimita 40 na urefu wa mita 2.5 lina ujazo wa karibu mita za ujazo 0.31. Tuseme mpasuaji wetu si hodari, naye apate mbao kutoka theluthi moja tu ya gogo. Hiyo ni mita za ujazo 0.1, yaani mbao nane za inchi nane kwa inchi moja, kila moja na urefu wa futi nane. Theluthi mbili zilizobaki, pamoja na mabanzi yenye magome na matawi yote ambayo hatukuyahesabu, huenda jikoni kama kawaida. Mpishi hapotezi ila sehemu ndogo ya moto wake, na shule hupata mbao ambazo ingezinunua mjini.

Shida ya pili ni nzito zaidi. Mnyororo wa pawa-so hula karibu sentimita moja ya mti kila upitapo, hivi kwamba mipasuo mitatu humeza ubao mzima wa inchi. Msumeno wa mkanda hula milimita mbili au tatu. Mashine ya mkanda inayovutwa nyuma ya gari ingeweza kwenda shule kwa shule, lakini hakuna shule itakayomudu kuinunua peke yake. Kwa mujibu wa Katiba ya mwaka 2010, serikali za kaunti ndizo zenye dhamana ya vyuo vya ufundi vya vijijini, na ndizo zinazotekeleza sera za taifa kuhusu misitu katika maeneo yao. Basi chuo kimoja cha ufundi katika kila kaunti ndogo kikipewa mashine hiyo, wanafunzi wake wangepata kazi ya kujifunzia, na shule zingelipa mafuta tu. Sioni ni kwa nini jambo hili limeshindikana kufikiriwa Kitui, mji ambao una kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Misitu kilichofanya kazi kwa miaka mingi pamoja na Wajapani kuuboresha mukau. Wakulima wamehimizwa kuupanda. Mti huo huweza kuvunwa baada ya miaka kumi hadi kumi na mitano. Na ukikomaa utapasuliwa na nani, kwa chombo gani?

Kuhusu mbao kupinda, dawa yake ni subira na kivuli. Ncha za gogo hupakwa rangi au nta ili zisikauke haraka na kupasuka. Mbao hupangwa juu ya mawe yaliyosawazishwa, vijiti vya unene mmoja vikitenganisha safu na safu ili upepo upite, na mawe mazito huwekwa juu. Desturi ya mafundi wa nchi za baridi ni kungoja takriban mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Katika joto la Ukambani muda huo ni mfupi, ila hatari ya kupasuka ni kubwa, kwa hiyo jua lisiziguse kamwe. Dhoruba iliyoikumba Uswidi Januari mwaka 2005 iliangusha miti yenye ujazo wa mita milioni 75 hivi. Waswidi hawakuweza kuipasua yote kwa mara moja, wakayarundika magogo na kuyanyunyizia maji mfululizo yasiharibike. Sisi hatuna maji ya kunyunyizia magogo, lakini kopo la rangi tunalo.

Kuhusu kibali, hapa nasita kidogo. Nchi hii ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma mwezi wa Februari mwaka 2018, kwa sababu ya uharibifu uliokuwa dhahiri kwa kila mwenye macho. Mwaka huohuo Kitui nayo ilizuia makaa yasitoke nje ya kaunti. Anayeomba sheria ilegezwe kwa ajili ya miti iliyoanguka lazima ajue kwamba kuna miti itakayosaidiwa kuanguka. Kiswahili kinaitofautisha hali hiyo vizuri: mti "ulianguka" hauna mtenda, mti "uliangushwa" unaye, na mwizi wa mbao daima hupenda kitenzi cha kwanza. Bahati nzuri, mti wenyewe hausemi uongo. Uliong'olewa na upepo huinua mizizi na udongo wake, au huvunjika kwa nyuzi ndefu zilizochanika. Uliokatwa huacha kisiki laini kama meza. Afisa wa misitu akija akapiga picha na kupima shina palepale lilipolala, kibali kinaweza kuandikwa siku hiyohiyo. Na ikiwa mbao zitapasuliwa na kutumiwa ndani ya ua wa shule, haziingii barabarani hata kidogo.

Tangu mwishoni mwa mwaka 2022 serikali inahimiza kupandwa kwa miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032, na wanafunzi wamekuwa jeshi la kazi hiyo. Tarehe 13 Novemba mwaka 2023 ilitangazwa kuwa sikukuu ya kupanda miti. Ni jambo jema. Lakini mtoto anafundishwa kuchimba shimo na kumwagilia mche, kisha somo linaishia hapo, kana kwamba mti hauna uzee wala kifo. Somo la gogo, la kipenyo na ujazo, la kiini na maganda, la ubao unaokauka polepole nyuma ya bweni, halimo.

Kabla sijaondoka Kilungu nilimwomba mwalimu mkuu apake rangi ncha mbili za ule mgrevilea wa tatu. Alicheka, lakini akamwita kijana mmoja wa kidato cha tatu, naye akaleta mabaki ya rangi ya buluu iliyopakwa madirisha. Mwezi wa Septemba alinipigia simu kunieleza kwamba gogo lingali uani, halijapasuka, na kwamba amempata mtu mwenye pawa-so anayetaka kulipwa nusu kwa fedha na nusu kwa mbao. Aliniuliza kama hayo ni mapatano ya haki. Nilimwambia ayakubali, mradi mbao za kwanza kuchaguliwa ziwe za shule.